Mama Tangazo na Ukurasa wa Kinu

Sauti ya Mama Tangazo ilibaki kazini stesheni muda mrefu baada ya mwenyewe kurudishwa nyumbani. Ilikuwa hivi. Wakubwa walimwita kwenye chumba chenye kuta zilizobandikwa sponji, wakamkalisha mbele ya maikrofoni, wakamrekodi akisoma majina ya vituo vyote, saa zote, namba za njia zote, maneno ya kuomba radhi kwa kuchelewa na maneno ya kuwaonya watu wasisogelee reli. Alisoma kwa moyo mkunjufu, akidhani wanampunguzia mzigo. Alipomaliza wakampa mkono, wakampa saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya maua, wakamwambia sasa akapumzike. Tangu siku hiyo kila treni iliyoingia ilitangazwa na yeye, na yeye yuko jikoni kwake anamenya viazi.

Watu waliliona jambo hili kichekesho. Walikutana naye dukani wakamuuliza ametoroka vipi kazini, maana wamemsikia sasa hivi tu akitangaza. Alicheka nao, kwani hakuwa mtu wa kununa hadharani. Lakini ndani alikuwa na hasira, na hasira hiyo aliitunza vizuri, kama wengine wanavyotunza mashuka ya wageni. Hakukasirikia kuachishwa kazi. Kazi zote zina mwisho. Kilichomuudhi ni kwamba katika maneno yote yale waliyobaki nayo, hapakuwa na hata moja alilolisema kwa kupenda kwake. Maisha yake yote ya kazi alipewa karatasi, akaisoma. Na kilichobaki cha sauti yake kingeendelea kuwaomba watu radhi kwa makosa ya treni hata akiwa kaburini.

Alikuwa mjane. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekwishaoa na kupata cheo kwenye ofisi ya bima. Na alikuwa na wifi mmoja, dada mkubwa wa marehemu mumewe, ambaye tangu siku ya maziko alijipa kazi ya kumsemea ndugu yake. Marehemu asingependa. Marehemu angeshangaa. Marehemu, ambaye alipokuwa hai hakuwa na maoni juu ya jambo lolote isipokuwa chumvi kwenye mchuzi, ghafla alikuwa na msimamo juu ya kila kitu, kuanzia rangi ya mapazia mpaka urefu wa magauni ya mjane wake. Mama Tangazo alijitia hamnazo, akamkaribisha chai, mambo yakapita.

Yaliacha kupita pale maktaba ya mtaa ilipobandika karatasi mlangoni. Mkutubi, msichana mrefu mwenye miwani ambayo aliivua kila alipotaka kuona vizuri, alitaka riwaya ile ya zamani ya mapenzi isomwe kwa sauti mbele ya watu, Jumamosi alasiri, katika ukumbi unaotazamana na stesheni, huku muziki ukipigwa pale pale. Alikuwa anatafuta wasomaji na wapigaji.

Riwaya yenyewe kila aliyepita shule aliisoma, au alijidai ameisoma. Ni habari ya Binti wa Kinu, ambaye baba yake ana kinu cha kusagia nafaka kando ya mto, na kijana Mpima Ardhi aliyekuja na kamba na vigingi kupima mashamba ya watu. Wanapendana, hakuna anayefungua mdomo. Kijana anaondoka. Miaka inakwenda, binti anakataa wachumba mpaka wachumba wenyewe wanakwisha, na mpimaji anarudi ana mvi. Katika kitabu cha shuleni, mpimaji huyo anakwenda moja kwa moja kwa mzee, mzee anakohoa, anakubali, harusi inafungwa, na wanafunzi wanageuza ukurasa kujibu maswali.

Lakini kitabu kamili kina ukurasa mmoja ambao waliotengeneza kile cha shuleni waliuruka. Humo, kabla mpimaji hajakwenda kwa mtu yeyote, binti anamfuata yeye mwenyewe kinuni. Mawe yanazunguka, maji yanapiga kelele, unga umejaa hewani. Anasimama mbele yake na kusema, "Nakupenda. Sikutumwa na mtu kusema, nimejituma mwenyewe." Mama Tangazo aliusoma ukurasa huo akiwa msichana, katika kitabu kamili alichokiokota kwenye lundo la vitabu chakavu vya kuuza, na hakuusahau tena. Alipoolewa, aliolewa kama watu wote, wazee wakazungumza na wazee, na mumewe alikuwa mtu mwema. Maneno yale hakupata kumwambia, wala kuambiwa. Hayakuwa maneno ya nyumbani kwao, na hilo lilimuuma zaidi sasa, alipokuwa peke yake, kuliko alipokuwa naye.

Alikwenda kujaribiwa. Walikuja wengine pia: mwanamume mmoja aliyesoma maneno ya mapenzi kama anasomewa mashtaka, na dada mmoja aliyelia kabla hajafika mwisho wa sentensi ya kwanza. Mama Tangazo alifungua kitabu chake chakavu, akasoma kurasa za mwanzo kwa sauti ile ile iliyozoeleka na mji mzima, isipokuwa safari hii haikuwa na treni ndani yake. Mkutubi alivua miwani. Mwishowe ikaamuliwa asome yeye peke yake, kitabu kizima kilichofupishwa vizuri, na wengine wawe wasikilizaji, kazi waliyoipokea kwa furaha.

Kasoro ilijitokeza siku ya kwanza ya mazoezi. "Mvua ilianza kunyesha," alisoma Mama Tangazo, akavuta pumzi, kisha, kwa sauti nzito zaidi kidogo, "Mvua ilianza kunyesha." Mpimaji akavuka mto mara mbili. Baba yake binti akakasirika mara mbili. Farasi aliyekufa ukurasa wa arobaini alikufa, akafa tena, na hapo nesi mmoja, aliyekubaliwa kupiga fidla, alishindwa kujizuia, akaangusha fimbo yake ya kuburutia nyuzi kwa kicheko.

Mama Tangazo alieleza, kwa aibu kidogo, kwamba si makusudi. Mkuu wa stesheni wa zamani, mzee aliyemfundisha kazi, alimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba abiria hawasikii kitu kinachosemwa mara moja. Wako na mizigo yao, na watoto wao, na ugomvi wao. "Mara ya kwanza unawaamsha," mzee alimwambia. "Mara ya pili ndiyo unawaambia." Akaishi hivyo. Hata mwanawe alimlea kwa mtindo huo huo: kaoge, nasema kaoge. Mtoto akajifunza kutoinuka kwenye kiti mpaka asikie ya pili, kwa sababu ya pili ndiyo iliyokuwa na maana.

Mkutubi alijaribu kila dawa. Alichora mistari myekundu chini ya nukta. Alimpa glasi ya maji apige funda kila mwisho wa sentensi, na ikawa kila baada ya kurasa chache mazoezi yanasimama kwa sababu zinazoeleweka. Aliyeitibu kasoro ile ni seremala. Huyu alikuwa mjane pia, mwenye karakana ya milango na vitanda nyuma ya ukumbi, mtu wa maneno machache na vumbi la mbao kwenye nyusi, na alipiga gitaa kwa namna alivyopiga randa, taratibu na bila kurudia. "Wewe soma," alimwambia. "Mimi nitafunga mlango."

Na kweli alifunga. Mama Tangazo alipofika kwenye nukta ya sentensi nzito, kabla hajavuta pumzi ya kurudia, seremala aliziangusha nyuzi zote pamoja, mlio mmoja mfupi, na sentensi ikabaki imefungwa nje. Hapakuwa na nafasi ya kuisema tena. Mwanzoni ilimkera, kama mtu anayekatwa kauli mezani. Baadaye akaanza kuungoja mlio ule, na akagundua kuwa anaweza kusema neno mara moja na likabaki limesemwa, kwa sababu kuna mtu aliyelipokea upande wa pili. Hilo lilikuwa jipya kwake. Miaka yote ya stesheni alisema na kioo cha chumba cha matangazo.

Mazoezi yakanoga. Nesi alikuja na sare yake ya kazi, akasimama pembeni karibu na dirisha, akaburuta fimbo polepole juu ya uzi mnene mpaka ukasikia mawe ya kinu yakisagana. Seremala aligonga ubao wa gitaa kwa ncha za vidole, ikawa gurudumu la maji. Katikati ya hayo yote alikaa Mama Tangazo na kitabu chake, na mkutubi akisikiliza alikuwa anasahau kuvaa miwani.

Baada ya mazoezi seremala alimsindikiza Mama Tangazo mpaka kona ya barabara, gitaa likiwa begani, kwa sababu njia yao ilikuwa moja. Midomo ikapata kazi. Mjane na mjane, riwaya ya mapenzi, ukumbi wenye viti vitupu. Kwa watu wenye nia, hapo kuna kila kitu kinachohitajika. Kama jambo lenyewe lilikuwepo au halikuwepo, Mama Tangazo alikuwa bado hajajiuliza, na hakuona ni nani aliyewapa wengine kazi ya kumuulizia.

Wifi alikuja Jumapili, amevaa kama anakwenda kutoa ushahidi, na alikuja na mtoto wa ndugu yake. Mama Tangazo alipomwona mwanawe nyuma ya shangazi yake, amesimama mlangoni anazungusha funguo za gari kidoleni, alijua hawakuja kunywa chai. Wifi alikuwa amekitafuta kitabu kamili mpaka akakipata kwa mtu, na ukurasa wa kinu alikuwa ameusoma, tena si mara moja, kwa namna alivyouweka kichwani. Aliusema wote kuanzia unga hewani mpaka nukta ya mwisho ili kuonyesha jinsi usivyofaa kusemwa. Mwanamke wa umri ule, alisema, mwenye mtoto mwenye cheo, mbele za watu, ubavuni mwa mwanamume anayejulikana, anatamka maneno kama hayo. Marehemu angeshangaa. Kitabu cha shuleni kipo, kimewalea watu wote wenye heshima zao, kisomwe hicho. Na ingekuwa vizuri zaidi Mama Tangazo asimame kabla ya kuanza kusoma na kukanusha habari za fundi, ili mambo yaishe.

"Sikanushi," alisema Mama Tangazo.

Wifi aliweka kikombe chini. Akauliza kama basi ni kweli.

"Sijasema ni kweli, wifi. Nimesema sikanushi. Nimewaomba watu radhi maisha yangu yote kwa treni ambazo sikuzichelewesha mimi. Mambo yangu sitayaombea radhi."

Kisha mwanawe akasema, na yeye hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma. Alimwambia asome kitabu, asome na mapenzi yote yaliyomo, yeye hana neno. Auache ukurasa ule mmoja tu. "Watu hawatamsikia Binti wa Kinu pale, Mama," alisema. "Watakusikia wewe."

Mama Tangazo alimjibu kwamba hilo ndilo analotaka.

Kijana aliziangalia funguo zake. Akasema atakuja Jumamosi na atakaa mbele, kwa sababu yeye ni mama yake na hajawahi kumwona akifanya kazi isipokuwa nyuma ya kioo. "Lakini ukifika kwenye ukurasa ule nitanyanyuka, nitatoka. Sitaweza kukaa nikasikiliza. Ujue hivyo."

"Basi utanyanyuka, baba," alisema Mama Tangazo, na akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo watu walikuwa bado wanavinywea.

Alijikaza kisabuni mpaka walipoondoka, kisha akakaa kwenye kigoda na kulia kwa hasira. Ni mtoto wake mmoja. Alimtaka pale mbele, mpaka neno la mwisho, na alijua jinsi ukumbi mzima utakavyogeuka kumtazama mwana akimpa mama yake kisogo, na jinsi habari hiyo itakavyomfuata umri wake wote uliobaki. Ukurasa mmoja. Angeweza kuuruka, na kati ya wasikilizaji mia moja asingejua mtu isipokuwa wapigaji wawili, mkutubi, na hao wawili waliotoka sasa hivi. Wifi asingesema kitu. Mwanawe angemshika mkono na kumrudisha nyumbani kwa gari.

Kesho yake alikwenda stesheni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu apewe saa. Alikaa kwenye benchi kati ya abiria, bila tiketi, akajisikiliza. Treni ya asubuhi ilichelewa, na sauti yake ikaomba radhi kwa upole, mara mbili, kama alivyofundishwa. Mama mmoja aliyekaa karibu naye na kikapu miguuni alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu dada ana adabu sana," alimwambia. "Sijawahi kumsikia amekasirika."

"Alikuwa nayo," alisema Mama Tangazo, akasimama na kwenda moja kwa moja ukumbini, ambako seremala alikuwa anakaza miguu ya jukwaa. Alimwambia ukurasa wa kinu unasomwa wote, na mwanawe atatoka. Seremala alimaliza skrubu aliyokuwa nayo. Akamuuliza kama anataka na hiyo sentensi aifunge kama nyingine. Alijibu kwamba hajui, aamue mwenyewe siku hiyo.

Jambo moja alilipanga kwa uangalifu. Madirisha ya ukumbi ule hayafungiki, na vipaza sauti vya stesheni viko ng'ambo ya barabara. Nani alizijua saa za treni kuliko yeye? Alimpangia mkutubi saa ya kuanza, mahali pa mapumziko na mahali pa kuruka, ili ukurasa wa kinu uangukie katikati, baada ya treni ya mchana kuondoka na kabla ya ile ya mizigo kupita. Alilipanga lote hilo akasahau kitu ambacho alikitangaza kila siku ya kazi yake, kwamba treni zinachelewa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja wasomaji wa maktaba, walikuja wateja wa seremala, walikuja manesi wa zamu ya usiku ambao walipaswa kuwa wamelala, na walikuja wale waliokuja kuona kama ni kweli. Mwanawe alikaa safu ya mbele, kiti cha mwisho, karibu na njia. Pembeni yake alikaa wifi na mkoba mkubwa mapajani.

Alisoma vizuri kuliko mazoezini. Mpimaji alivuka mto mara moja tu. Farasi alikufa mara moja, na fidla ikamlilia kiasi kwamba mtu mmoja nyuma alipenga kamasi. Wachumba walipokuwa wanakataliwa mmoja mmoja, seremala aliufunga kila mlango kwa mlio wake, na watu wakaanza kucheka kabla mchumba hajafungua mdomo. Hata wifi alicheka mara moja, akakumbuka, akakaza uso.

Kisha vidole vya seremala vikaanza kugonga ubao, taratibu, na nesi akaburuta fimbo yake kwenye uzi mnene. Kinu kikazunguka. Mama Tangazo aligeuza ukurasa. Waliosoma kitabu cha shuleni walingoja mzee akohoe; badala yake wakasikia binti akitupa shuka lake begani na kuteremka mwenyewe kuelekea mtoni, na ukumbi ukatulia tuli. Mwanawe alifunga kifungo cha koti. Akasimama.

Hapo ndipo vipaza sauti vya stesheni vilipokoroma. "Abiria wapendwa," ilisema sauti ya Mama Tangazo kutoka ng'ambo ya barabara, safi na tamu, "tunaomba radhi kwa kuchelewa kwa treni ya mchana. Treni sasa inaingia. Mnaombwa kubaki mlipo mpaka itakaposimama kabisa."

Ukumbi uliangua kicheko. Kijana alikuwa amesimama katikati ya njia, mguu mmoja mbele, macho ya watu wote juu yake, na sauti ya mama yake imemwamuru abaki alipo. Akawa hawezi kwenda wala kukaa.

Mama Tangazo hakucheka. Damu ilimpanda kichwani. Hata hapa, hata leo, kwenye ukurasa huu, wamemleta yule mwingine aombe radhi. Alisikia sauti ile ikivuta pumzi, pumzi aliyoifahamu kwa sababu ni yake, na akajua inarudia. Watu walianza kunong'ona na kusogeza viti. Aliinua mkono mmoja.

"Mwacheni amalize," alisema. "Huyo ametumwa."

Wakamwacha amalize. Sauti ya ng'ambo iliomba radhi mara ya pili, ikakata. Treni ilisikika ikipumua na kusimama. Fidla haikuwa imenyamaza muda wote huo, nesi alikuwa ameushikilia ule mlio mmoja mpaka mkono unatetemeka, na vidole vya seremala vilikuwa bado vinagonga. Mama Tangazo alitazama chini kitabuni, akaiona sentensi yake ya usichana pale pale alipoiacha, na akaisoma.

"Nakupenda. Sikutumwa na mtu kusema, nimejituma mwenyewe."

Akaungoja mlio wa kufunga mlango. Haukuja. Aligeuza jicho na kuona mkono wa seremala umelala juu ya nyuzi, umezizima, na mwenyewe anamtazama. Nesi naye akainua fimbo. Hapakuwa na kelele yoyote, wala ya kinu wala ya stesheni. Mlango ulikuwa wazi, na Mama Tangazo alivuta pumzi.

Safari hii hakutazama kitabu. Aliwatazama watu, wote, kuanzia nyuma mpaka mbele, hakuna kioo katikati, akaisema tena kwa sauti nzito zaidi kidogo. Nakupenda. Sikutumwa na mtu kusema, nimejituma mwenyewe. Mkutubi, aliyeijua kasoro ile kuliko mtu yeyote, baadaye aliwaambia watu kwamba ile haikuwa kasoro, na kwamba alisisimkwa mpaka kwenye kucha.

Mwanawe alikuwa bado amesimama njiani. Yeye peke yake mle ndani alikuwa amelelewa na ya pili. Aliisikia mahali pale pale alipokuwa akiisikilia utotoni, na mguu uliokuwa mbele akaurudisha. Hakukaa. Alisimama hapo hapo, mikono imening'inia, kitabu kikasomwa mpaka mwisho, harusi ikafungwa, na muziki wa mwisho ukapigwa wote, naye amesimama kama mtu anayengoja kuitwa jina.

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, ingawa wapo ambao hawakupiga, na Mama Tangazo aliwaona na hao pia. Wifi alitoka wa kwanza. Mlangoni alimwambia mtu kwamba marehemu angeshangaa, na kwa mara ya kwanza tangu maziko alikuwa amesema kweli.

Ukumbi ulipobaki na wachache, kijana alikuja kumsaidia mama yake kukunja viti. Walikunja safu nzima.

"Ulirudia, Mama," alisema.

"Nilirudia."

"Mazoea ya kazi." Hakuwa anauliza. Alikuwa anamshikia mlango, kwa wema wake wote: akubali tu hivyo, na kesho shangazi ataambiwa hivyo, na ofisini wataambiwa hivyo. Mama Tangazo alimtazama mtoto wake, akampenda sana, na hakupita kwenye mlango ule.

"Hapana, baba. Ya kwanza ilikuwa ya Binti wa Kinu. Ya pili ilikuwa yangu."

Kijana alikiegemeza kiti ukutani. Mwisho akauliza, kwa sauti ya chini, kama alikuwa anamwambia fundi.

"Nilikuwa nawaambia niliotaka kuwaambia. Na wewe ulikuwepo, umesimama," alisema Mama Tangazo. "Wengine ni nani, nitasema nikijisikia kusema."

Kijana aliitika kwa kichwa. Hakusema kwamba amekubali, na hakwenda kuleta gari. Alichukua rundo la viti akalipeleka stoo, akarudi kuchukua jingine.

Seremala alikuwa nje, gitaa begani, anangoja kusindikiza mpaka kwenye kona. Wifi alikuwa bado ng'ambo na wanawake wenzake wawili, wanasubiri kuona. Mama Tangazo alimpa seremala kitabu amshikie, akamwambia leo hawaishii kwenye kona. Wakashika barabara kubwa, katikati ya watu, mbele ya macho ya kila mwenye macho. Nyuma yao sauti yake iliwaomba abiria radhi, mara mbili. Mama Tangazo hakugeuka.